Watu wa Cremorne walikwenda wapi? Mwanga na giza katika fataki za Whistler

Picha yenyewe ni ndogo. Ni ubao wa sentimita 60 kwa 47 hivi, unaoweza kuubeba kwapani ukapanda nao daladala bila kumbughudhi abiria wa pembeni. Juu ya ubao huo James McNeill Whistler, Mmarekani aliyehamia London, alipaka mwaka 1875 usiku mmoja wa fataki katika bustani ya starehe ya Cremorne, mtaa wa Chelsea, kando ya mto Thames. Akaiita Nocturne in Black and Gold: The Falling Rocket, yaani usiku wa nyeusi na dhahabu, fataki ikianguka. Miaka mitatu baadaye picha hiyo ilikuwa imemfikisha mahakamani, na mwaka uliofuata akatangazwa mufilisi.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ugomvi wa msanii mwenye majivuno na mhakiki mwenye hasira, na kweli majivuno na hasira havikukosekana. Ila ukisoma yaliyosemwa mbele ya jaji, utaona kwamba kwa siku mbili watu wazima walikuwa wakibishania giza. Je, sehemu ya picha isiyoonyesha kitu ni kazi iliyofanywa, au ni kazi iliyoachwa? Na aliyelijibu swali hilo vibaya kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Whistler mwenyewe.

Tuanze na kilichomo. Sehemu kubwa ya ubao ni giza, lakini si giza la aina moja. Kuna weusi mzito wa miti. Kuna anga yenye weusi uliochanganyika na buluu na kijani kiasi kwamba huwezi kusema rangi moja imeishia wapi. Katikati ya giza hilo umefumuka moshi wa kijivu, na kutoka juu zinadondoka cheche: vidoa vidogo vya njano, vya rangi ya chungwa, vyekundu. Chini kabisa ardhi imepauka, na juu yake wamesimama watu wachache. Ukiwatazama kwa haraka huwaoni. Ukiwatazama kwa makini unawaona, lakini unaona pia ardhi iliyo nyuma yao, kana kwamba wamekatwa kwenye kitambaa cha shela.

Mtu wa London wa wakati ule alikuwa na haki ya kushangaa. Cremorne haikuwa mahali pa upweke. Tangu miaka ya 1840 watu walilipa kiingilio wakapata bendi, jukwaa la kuchezea dansi, maputo ya kupaa angani, chakula, pombe, taa za gesi, na usiku ukikolea, fataki. Mchana familia zilikwenda na watoto. Usiku ilikuwa na sifa nyingine, na majirani walilalamika mpaka bustani ikafungwa mwaka 1877. Whistler aliishi Lindsey Row, mwendo mfupi kwa miguu kutoka langoni. Aliyesikia kuna picha ya Cremorne usiku alitarajia magauni, kofia, vikombe, mkono kiunoni mwa mtu. Alipewa moshi.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu kupaka fataki ni shida ya kiufundi kabla ya kuwa suala la mtindo. Rangi haitoi mwanga. Inarudisha tu sehemu ya mwanga unaoiangukia. Rangi nyeupe, hata iwe safi namna gani, hairudishi mwanga wote, na rangi nyeusi huwa inarudisha asilimia chache, haimezi kila kitu. Kwa hiyo kati ya doa lako jeupe kuliko yote na doa lako jeusi kuliko yote, tofauti ni makumi kadhaa ya mara, basi. Usiku halisi, tofauti kati ya kiini cha fataki na shina la mti lililo nyuma yake ni kubwa kuliko hapo kwa kiwango ambacho hakuna brashi inayoweza kukifikia. Mchoraji wa usiku analazimika kudanganya. Kinachotofautisha mmoja na mwingine ni mahali anapoamua kudanganyia.

Njia iliyokuwa imezoeleka Ulaya kwa zaidi ya miaka 200 ilikuwa kuutambulisha mwanga kwa nyuso. Gerrit van Honthorst, Mholanzi aliyefanya kazi Roma mwanzoni mwa karne ya 17 na ambaye Waitalia walimbandika jina la Gherardo wa Usiku, aliweka mshumaa mmoja, mara nyingi akauficha nyuma ya mkono wa mtu, kisha akaacha mashavu, vidole na meno ya wanaocheka yaonyeshe mshumaa uko wapi na una nguvu gani. Hatuoni mwanga wenyewe, tunaona ulichokigusa. Ni hila nzuri sana, na inafaa mno kwa sherehe, maana sherehe ni nyuso.

Whistler aliikataa. Katika picha yake cheche haziangazi uso wa mtu yeyote. Hakuna shavu lenye rangi ya dhahabu, hakuna kivuli kirefu kilicholazwa ardhini nyuma ya mtazamaji. Mwanga upo kule juu, watu wapo huku chini, na kati yao hakuna mawasiliano. Mashahidi waliomtetea mhakiki mahakamani waliona hapo ni uvivu. Mimi naona uchunguzi.

Fikiria fataki inavyofanya kazi. Cheche za rangi ya dhahabu hutokana na chembe za mkaa au za chuma zinazoungua huku zikianguka. Hizi zinametameta kwa muda mrefu lakini hazimuliki mbali, na nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukiwa mbali mara 2, unapata robo, ukiwa mbali mara 10, unapata sehemu 1 ya 100. Cheche inayoanguka juu ya miti inaonekana kali kwa sababu jicho linaielekea moja kwa moja, lakini inapofika kwenye koti la mtu aliyesimama chini haina cha kumpa. Aliyewahi kusimama uwanjani usiku wa kuamkia mwaka mpya anajua: anga inawaka, na bado unamtafuta mwenzako kwa sauti.

Halafu kuna jicho lenyewe. Seli zinazoona gizani huhitaji karibu nusu saa ili zizoee giza, na mmweko mmoja mkali unazirudisha nyuma. Kwa hiyo anayetazama fataki ni mtu anayepofushwa kila mara kwa muda mfupi. Mwanga ukizimika, mtu aliye mbele yake hubaki umbo tu, tena umbo lisilo na kingo. Rangi nazo hazififii sawasawa. Mcheki Jan Purkyně alikwisha kueleza, mapema katika karne ya 19, kwamba giza linapoingia nyekundu hutangulia kuwa nyeusi, wakati buluu na kijani hubaki zikionekana. Sasa rudi kwenye sehemu ya chini ya ubao: ile ardhi iliyopauka kwa ukijani, na wale watu wanaopenywa na macho. Sidai kwamba Whistler alikuwa amesoma maandishi ya Purkyně. Nasema alikwenda pale, akatazama, na hakupaka kile alichojua kipo bali kile kilichobaki machoni mwake.

Namna yake ya kufanya kazi ilimsaidia. Picha zake za usiku hakuzipaka akiwa nje. Alitembea au alipelekwa kwa mashua usiku na ndugu wawili wa ukoo wa Greaves, wana wa mtengeneza mashua wa Chelsea, akakazia macho mahali fulani, kisha akageuka kupatia kisogo na kujisemea kwa sauti alichokiona, mwenzake akimsahihisha. Siku ya pili alipaka kwa kumbukumbu. Rangi aliilainisha kwa mafuta na tapentaini mpaka ikawa majimaji; mwenyewe aliiita mchuzi, na ilikuwa nyepesi kiasi kwamba ilibidi picha ilazwe chini isichuruzike. Aliipitisha kwa mikono mirefu ya brashi juu ya tabaka la chini ambalo kwa kawaida lilikuwa tayari la giza. Cheche ndizo zilizokuja mwisho, kwa rangi nzito.

Kwa hiyo kwenye ubao huu giza ni jembamba na mwanga ni mnene. Rembrandt, mchoraji wa Kiholanzi wa karne ya 17, naye aliacha vivuli vyake vyembamba na kurundika rangi kwenye mianga, kwa hiyo hilo si jipya. Jipya ni kwamba Whistler aliondoa karibu kila kilichokuwa katikati. Kwa Rembrandt, kati ya mwanga na giza kuna mwili unaogeuka polepole kutoka kimoja kuelekea kingine: pua, bega, mkunjo wa shati. Kwa Whistler kazi hiyo imeachiwa moshi peke yake. Moshi ndio kitu pekee katika picha kinachopokea mwanga na kuufikisha gizani, ndiyo maana jicho hurudi hapo kila mara. Utoe moshi, na utabaki na madoa ya dhahabu juu ya kipande cheusi. Kwa maoni yangu huu ndio ustadi mkubwa kuliko wote katika picha, na kwenye mabishano ya mahakamani cheche na gharama ziliufunika kabisa.

Na zile cheche si za rangi moja kwa urembo tu. Chembe inayoungua huanza na njano iliyokaribia weupe, ikipoa inakuwa ya rangi ya chungwa, kisha nyekundu, kisha haipo. Ukizitazama pamoja kwenye ubao, unatazama sekunde kadhaa kwa mpigo: zilizozaliwa sasa hivi na zilizo karibu kufa.

Picha ilitundikwa mwaka 1877 kwenye Grosvenor Gallery, jumba jipya la maonyesho lililofunguliwa mwaka huohuo, lenye kuta za hariri nyekundu. Bei yake ilikuwa gini 200, sawa na pauni 210. Julai, John Ruskin, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote Uingereza, aliandika kwamba ameona na kusikia ufidhuli mwingi wa London, lakini hakutegemea kumsikia mlimbwende akidai gini 200 kwa kuutupia umma kopo la rangi usoni. Kichekesho ni kwamba Ruskin alijijengea jina mwaka 1843 kwa kumtetea mchoraji Mwingereza Turner, ambaye dhoruba zake za baharini wahakiki walikuwa wamezifananisha na povu la sabuni na chokaa. Lakini kwa Ruskin msingi haukuwa ukungu wala uwazi wa maumbo. Aliamini kazi ya sanaa ina deni la jasho kwa anayeinunua, na katika ubao huu hakuliona jasho.

Whistler alidai fidia ya pauni 1,000 kwa kashfa. Kesi ilisikilizwa London tarehe 25 na 26 Novemba 1878 mbele ya Jaji Huddleston na jopo la raia. Ruskin alikuwa mgonjwa na hakufika. Alitetewa na Mwanasheria Mkuu, Sir John Holker, mtu wa maneno makavu aliyejua kuchekesha watu.

Holker aliuliza picha inaonyesha nini. Whistler akajibu ni usiku, ni fataki za Cremorne. Basi ni mandhari ya Cremorne? Hapana, akasema Whistler. Kama ingeitwa mandhari ya Cremorne ingewavunja moyo watazamaji. Ni mpangilio wa kisanaa. Holker akataka kujua ilimchukua muda gani. Siku mbili hivi: moja ya kuifanya, nyingine ya kuimalizia. Kwa hiyo kazi ya siku mbili ndiyo anayoiombea gini 200? La, akajibu, naiombea ujuzi wa maisha yangu yote. Watu wakapiga makofi.

Jibu hilo limekuwa maarufu, na mafundi wengi wanaobanwa kuhusu bei wangelipenda. Lakini linajibu swali la gharama. Swali la picha lilikuwa limeshajibiwa dakika chache nyuma, na lilijibiwa kwa kurudi nyuma. Alipoambiwa athibitishe kwamba giza lake ni la kweli, Whistler alikimbilia kwenye neno mpangilio. Kuanzia hapo upande wa Ruskin haukuwa na haja ya kuthibitisha kwamba picha haifanani na usiku. Mwenyewe alikuwa amekubali.

Mashahidi wake walifanya vizuri kuliko yeye. William Michael Rossetti, mhakiki, alisema picha inawakilisha kitu kisicho na mipaka dhahiri, na kwa kuwa ni picha ya usiku haina budi kuwa hivyo: ni giza la usiku lililochanganyika na kuvunjwa na mng'ao wa fataki. Sentensi hiyo moja ina utetezi mzima, tena hauhitaji nadharia. Mchoraji Albert Moore naye alisema Whistler ameweza kuipaka hewa.

Upande wa pili alikuwapo Edward Burne-Jones, rafiki wa Ruskin, aliyeonekana wazi kutoifurahia shughuli ile. Alikiri uzuri wa rangi. Lakini kuhusu fataki akasema hajapata kuona picha ya usiku iliyofanikiwa, na hii ni moja tu kati ya majaribio elfu yaliyoshindwa. Nadhani hakutambua alichokuwa amekisema. Kama hakuna aliyewahi kuupaka usiku, basi ni kipimo gani kilichokuwa mkononi mwake? Kipimo kililetwa: wakili wa Ruskin alitoa picha ya uso wa Andrea Gritti, mtawala wa Venice, iliyokuwa mali ya Ruskin na wakati huo ikisadikiwa ni ya Titian, mchoraji mashuhuri wa Venice wa karne ya 16, ili jopo lione kazi iliyokamilika inafananaje. Ni uso wa mtu uliopakwa kwa mwanga wa chumbani. Kupima fataki kwa uso huo hakuwezi kukupa jibu lolote ila kwamba usiku si mchana.

Shahidi mwingine, William Powell Frith, anaeleweka vizuri zaidi ukiijua picha yake ya mwaka 1858, The Derby Day: mbio za farasi, mchana kweupe, umati mkubwa, na kila mtu ana uso, kofia na kisa chake. Hiyo ndiyo sherehe kwa Frith. Katika picha ya namna hiyo mwanga ni karani, unaorodhesha waliohudhuria. Frith alisema gini 200 ni nyingi mno kwa zile fataki, na sioni kwa nini angesema vingine.

Mwishoni mwa Novemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Jopo lililotakiwa kuhukumu weusi wa picha lilikuwa na mwanga wa mchana wa saa chache tu, tena wa majira ya baridi.

Uamuzi ukatoka: Whistler ameshinda, na fidia yake ni robo ya peni. Katika pauni 1,000 alizodai kuna robo peni 960,000, alipewa moja. Gharama kila upande ujibebee. Za Ruskin zililipwa kwa mchango wa wafuasi wake. Whistler hakuwa na wafuasi wa namna hiyo. Mei 1879 akatangazwa mufilisi, nyumba yake ikauzwa, na Septemba akaondoka kwenda Venice kutengeneza picha za kuchapa alizoagizwa na duka moja la sanaa.

Ni haki nimpe nafasi naye. Angesema picha inafanana na Cremorne, Holker angemuuliza watu wako wapi, na ukumbi ungecheka tena. Isitoshe, alikuwa amejifunza mengi kutoka kwa picha za Kijapani za kuchapa. Hiroshige alichapisha mwaka 1858 fataki juu ya daraja la Ryōgoku: anga kubwa nyeusi, cheche chache, daraja na mashua zimezama gizani. Kwa hiyo yale madoa ya dhahabu si jicho peke yake, yana ukoo. Kulinyamazia jicho na kuuinua mpangilio kulikuwa na mantiki yake, na karne iliyofuata wachoraji wengi walishika hapohapo. Bado naona alijipunja. Alikuwa na picha inayosema kweli kuhusu hali ambayo kila mtu katika ukumbi ule alikuwa ameipitia, akaitetea kama pambo.

Mwaka 1892 picha ileile iliuzwa kwa gini 800 kwa Samuel Untermyer, mwanasheria wa New York. Tangu 1946 iko Detroit, kwenye jumba la makumbusho la sanaa la mji huo.

Wengi wetu tutaiona kwenye simu tu, na simu inaigeuza. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, jambo ambalo rangi ya Whistler haikuweza, hivyo cheche zinawaka kuliko alivyozipaka. Wakati huohuo tabaka za giza zinabanwa kuwa weusi mmoja, na wale watu wa chini ndio wa kwanza kupotea. Tafuta nakala kubwa, ongeza mwangaza wa kioo, zima taa ya chumbani na uache macho yazoee kidogo. Kisha zifunike cheche kwa kiganja, na utazame theluthi ya chini.